Anza na Makumbusho, Kilima Baadaye: Tathmini ya Safari Yetu ya Athens na Delphi

Mwezi Juni uliopita, shule zilipofungwa, familia yetu ya watu watano kutoka Nzuguni, Dodoma, ilikwenda Ugiriki kwa siku nane kuona magofu na makumbusho ya kale. Tulikuwa mimi na mume wangu, binti yetu wa miaka 13, mdogo wake wa kiume wa miaka 9, na mama mkwe, Mrangi wa Kondoa, ambaye ametimiza miaka 71 na anasumbuliwa na magoti. Nimeamua kuandika tathmini hii kwa sababu wakati wa maandalizi sikupata maelezo ya Kiswahili ya mzazi aliyewahi kwenda huko na watoto pamoja na mzee, na pia kwa sababu kosa moja la mpangilio lilitupotezea siku nzima na fedha ambazo hatukuwa tumezitenga. Safari ilistahili gharama yake, na ningeirudia. Hata hivyo, kilichoifanya istahili ni makumbusho zaidi kuliko magofu, jambo ambalo mimi, ninayefundisha historia katika shule ya sekondari, sikulitarajia hata kidogo.

Nianze na kosa lenyewe. Tulinunua safari nzima kwa wakala ambaye sitamtaja jina, na katika makubaliano yetu tulielewana kwamba tungeingia Acropolis, kilima cha mahekalu ya kale mjini Athens, saa mbili asubuhi, kinapofunguliwa, kabla jua halijakolea. Usiku wa kuamkia siku yenyewe tiketi zilipoingia kwenye simu ya mume wangu, tuliona zimeandikwa saa sita mchana. Tangu mwaka 2023 wageni wa Acropolis huingia kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi, na idadi yao imewekewa kikomo cha watu 20,000 kwa siku, kwa hiyo hakuna kubembeleza mlangoni ili upishwe mapema. Wakala alipopigiwa simu alijibu kwamba watu wa Afrika tumezoea joto. Ni kweli kwamba Dodoma tunalijua jua, lakini tunalijua pia kwa busara zake: saa sita mchana mtu wa Dodoma hapandi mlima, anatafuta kivuli cha mwembe. Juu ya kilima cha Acropolis karibu hakuna kivuli cha mti, na marumaru yake nyeupe huurudisha mwanga usoni hata macho yakauma.

Tulipanda hivyo hivyo. Njia ya mawe imesuguliwa na nyayo za karne nyingi na inateleza hata ikiwa kavu, kwa hiyo viatu vya raba vyenye soli inayoshika ni lazima. Mwongozaji tuliyepewa alikuwa na elimu nyingi, lakini alisimama juani akaeleza tofauti za mitindo ya nguzo kwa muda mrefu bila kuwatazama watoto. Mdogo wetu alijibanza kwenye kivuli chembamba cha ukuta akauliza tunarudi lini. Mama mkwe alibaki chini kwenye benchi karibu na mlango, kwa kuwa si wakala wala mwongozaji aliyetuambia kwamba ipo lifti kwa ajili ya watu wenye shida ya kutembea. Tuliposhuka, binti yetu aliniambia kwa upole kwamba ameona mawe makubwa. Nilisikitika sana, maana nilikuwa nimewasimulia habari za mahali hapo kwa mwaka mzima.

Siku ya pili tulikwenda Makumbusho ya Acropolis, yaliyo chini ya kilima upande wa kusini, na hapo ndipo safari yetu ilipoanza hasa. Jengo hilo lilibuniwa na Bernard Tschumi na likafunguliwa mwaka 2009. Wakati wa kulijenga walikuta mabaki ya mtaa mzima wa zamani ardhini, na badala ya kuyafukia, waliliinua jengo juu ya nguzo na kuweka sakafu ya vioo sehemu nyingi, hivyo mgeni anatembea huku akiona chini ya miguu yake visima, mifereji ya maji na vyumba vya nyumba za watu wa kawaida. Tangu mwaka 2019 unaweza pia kushuka na kupita kando ya mabaki hayo. Mdogo wetu alilala kifudifudi kwenye kioo akawa anahesabu vyumba, na mlinzi aliyekuwa karibu alimwacha, akatabasamu tu. Nampa mlinzi huyo alama zote.

Ghorofani kuna mfano wa Acropolis uliojengwa kwa matofali ya kuchezea ya LEGO, zaidi ya 120,000, uliotoka katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Sydney mwaka 2014. Mwanzoni nilidhani ni kitu cha kuwatuliza watoto. Nilikuwa nimekosea. Kwa dakika 10 mbele ya mfano ule, mtoto wa miaka 9 alielewa lango lilikuwa wapi, hekalu kubwa lilikuwa wapi, na jumba la maonyesho ya tamthilia lilikuwa upande gani wa mteremko, mambo ambayo saa nzima ya maelezo juani haikumfikishia. Alionyesha kwa kidole mahali alipojibanza jana yake.

Kisha tukafika kwa wanawake wa mawe. Katika hekalu linaloitwa Erechtheion, baraza moja ilibebwa na sanamu sita za wanawake badala ya nguzo. Zilizosimama kilimani leo ni nakala. Sanamu halisi tano ziko ndani ya makumbusho, mahali ambapo unaweza kuzizunguka na kuziona kwa nyuma, na ya sita iko London, kwa sababu watu wa balozi wa Uingereza, Lord Elgin, waliichukua mwanzoni mwa karne ya 19. Wagiriki hawakuzisogeza zile tano ili kuficha pengo. Nafasi ya yule wa sita imeachwa wazi. Binti yetu alihesabu mara mbili, akaenda kumuuliza bibi yake kwa nini hawakuweka nakala hapo, na mama mkwe akamjibu, “Wamemtunzia nafasi yake, mjukuu wangu. Mtu akisafiri, kitanda chake hakigawiwi.”

Mama mkwe mwenyewe alikaa nyuma ya sanamu zile kwa muda mrefu kuliko sisi sote. Nywele za wanawake hao zimesukwa mikia minene inayoshuka mgongoni, kila mmoja kwa namna yake, na unene ule una kazi: unaipa nguvu shingo iliyobeba paa. Mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani tangu utotoni aliliona hilo kabla sijamsomea maandishi. Alisema hawa wanajua kubeba, maana hawajakunja uso.

Ghorofa ya juu kabisa ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii. Imezungushiwa vioo na imegeuzwa ielekee sawasawa na Parthenon, hekalu la mungu wa kike Athena lililo kilimani, hivyo unaona michongo na mahali ilipotoka kwa wakati mmoja. Mkanda wa michongo uliozunguka sehemu ya ndani ya hekalu ulikuwa na urefu wa mita 160, na umepangwa pale kwa mpangilio wake wa asili, kwenye kimo ambacho mtoto anauona bila kuvunja shingo. Mawe halisi yana rangi ya asali iliyokolea. Yale ambayo yako nje ya nchi yamewakilishwa na nakala za plasta nyeupe. Hakuna haja ya kusoma chochote. Unatembea, unaona asali, asali, kisha nyeupe, nyeupe, nyeupe, na unaelewa kilichotokea. Sehemu kubwa ya hizo nyeupe ni mawe yaliyoko katika Makumbusho ya Uingereza, London, ambayo serikali ya huko iliyanunua kutoka kwa Elgin mwaka 1816.

Michongo yenyewe inaonyesha maandamano ya sikukuu ya mji: vijana juu ya farasi, wabeba mitungi, wazee, na ng'ombe wanaopelekwa kuchinjwa. Yuko ng'ombe mmoja aliyeinua kichwa juu, anagoma kwenda, na mwenye kumwongoza anamvuta. Watu wa kwetu tunamjua ng'ombe huyo. Nimemwona mara nyingi katika mnada wa mifugo. Lakini pale Athens ni wa plasta, kwa kuwa jiwe lake liko London. Mdogo wetu aliuliza kama ng'ombe huyo naye ametunziwa nafasi.

Jioni ile mazungumzo yetu hotelini hayakuwa tena ya Ugiriki. Binti yetu alimkumbuka mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru, mkoani Lindi, ambaye mifupa yake ilichimbwa na Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913 na sasa imesimamishwa Berlin, kwa kimo cha zaidi ya mita 13. Suala hilo limewahi kuulizwa hata bungeni, hapa hapa Dodoma. Mume wangu na mimi hatukukubaliana kuhusu kama arudishwe au la, lakini sote tulikubaliana kwamba mtoto wa Tanzania angepaswa kuikuta mahali fulani nchini mwake nafasi iliyoachwa wazi kwa ukubwa wa mjusi yule, ili aone kwa macho yake ni kitu gani kinazungumzwa. Makumbusho ya Acropolis yametufundisha kwamba jambo hilo linawezekana kwa plasta, kioo na nia njema.

Siku ya tatu tulinunua tiketi za Acropolis upya kwa fedha zetu, euro 30 kwa kila mtu mzima, tukaingia saa mbili asubuhi. Iliniuma kulipa mara mbili, lakini hatukujuta. Mama mkwe alipandishwa kwa lifti, kisha akatembea polepole kwenye njia ya zege iliyowekwa juu kwa ajili ya watu kama yeye. Watoto walikuwa watu wengine kabisa. Walitangulia mbele wakitaja vitu kabla ya kuvifikia: lango, hekalu dogo la Athena Nike pembeni, Erechtheion na nakala zake sita. Pembeni mwa Erechtheion uko mzeituni, uliopandwa ukumbusho wa simulizi ya zamani kwamba Poseidon, mungu wa bahari, na Athena walishindania mji huo. Poseidon alipiga mwamba yakatoka maji ya chumvi, Athena akatoa mzeituni, na mji ukawa wa Athena. Mdogo wetu alisema hukumu ile ilikuwa ya haki, kwa sababu maji ya chumvi hata kisima cha mtaani kwetu kinayo, na hakuna anayeyafurahia.

Parthenon yenyewe ilianza kujengwa mwaka 447 KK na michongo yake ikakamilika mwaka 432 KK. Ina nguzo 8 mbele na 17 ubavuni, na nguzo hizo zimetuna kidogo katikati na kuinamia ndani kwa kiasi ambacho jicho halikioni, ila linahisi utulivu wake. Mama mkwe aliguswa zaidi na historia yake ya baadaye: kwamba hekalu hilo liligeuka kanisa, kisha msikiti wakati wa utawala wa Waturuki, na kwamba lilikuwa bado na paa na kuta zake nyingi hadi tarehe 26 Septemba 1687, wakati kombora la jeshi la Venice lilipoangukia baruti iliyohifadhiwa ndani. Aliuliza walikuwamo watu. Walikuwamo. Akasoma dua fupi, tukasubiri amalize.

Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia yanahitaji tahadhari moja tu kwa mzazi: usijaribu kuyamaliza. Sisi tulichagua vitu vitatu. Cha kwanza ni kinyago cha dhahabu kilichopatikana Mycenae mwaka 1876 na Heinrich Schliemann, ambacho bado kinaitwa cha Agamemnon ingawa ni cha karne ya 16 KK, mapema mno kwa mfalme huyo wa vita vya Troya. Cha pili ni mungu wa shaba nyeusi, mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, aliyeopolewa baharini karibu na rasi ya Artemision katika miaka ya 1920. Mkono wake umeinuliwa kurusha kitu, lakini kitu chenyewe kimepotea. Kama kilikuwa radi, huyo ni Zeus, na kama kilikuwa mkuki wa meno matatu, ni Poseidon. Watoto walibishana hadi mlangoni. Cha tatu ni mabaki ya chombo cha Antikythera, kilichotolewa mwaka 1901 katika meli iliyozama, chenye magurudumu 30 yenye meno yaliyosalia, kilichotumika kukokotoa mwendo wa jua na mwezi na siku za kupatwa kwake. Kwa saa mbili hiyo ilitosha, tukatoka tukiwa bado na hamu.

Kuhusu usafiri wa ndani ya mji sina la kulalamikia. Treni ya chini ya ardhi ina kituo chenye jina la Acropolis, na katika kituo cha Syntagma mabaki yaliyofukuliwa wakati wa ujenzi yameonyeshwa nyuma ya kioo, abiria wanayapita wakienda kazini. Kwa chakula, kwa kuwa sisi ni Waislamu, tulitegemea samaki na mboga, na mama mkwe alipata faraja katika sahani ya majani ya mwituni yaliyochemshwa na kutiwa mafuta ya zeituni na ndimu, ambayo aliyasifu kuwa yanakaribia mlenda kwa heshima, si kwa utelezi. Kilichotushangaza sote ni wali uliofungwa ndani ya majani ya mzabibu. Dodoma nzima ina mizabibu inayovunwa mara mbili kwa mwaka, na hatujawahi kufikiri kwamba jani lake nalo ni chakula. Mgahawa mmoja wa mtaani ulitutoza mkate ambao hatukuuagiza. Ukiwekewa mkate mezani, uliza kwanza.

Viza ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Ugiriki, ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi kabla ya kutimiza 12, kwa hiyo binti yetu alilipiwa kama mtu mzima. Bima ya safari lazima ifikie euro 30,000. Anzeni kushughulikia mapema sana, na msikabidhi jambo hili kwa wakala bila kusoma kila karatasi wenyewe.

Siku ya mwisho ya kutembea tulikwenda Delphi kwa basi la kawaida la abiria, kilomita 180 hivi kutoka Athens, umbali unaokaribiana na wa Dodoma hadi Kolo. Delphi iko kwenye ubavu wa mlima Parnassus, bonde lote la chini limejaa mizeituni hadi baharini. Watu walikuwa wakija kutoka mbali kumuuliza mungu Apollo mambo yao, na mwanamke aliyeitwa Pythia ndiye aliyetoa majibu. Hata wafalme walikuja kuuliza hapo kabla ya kwenda vitani. Kwenye hekalu paliandikwa neno linalolingana na “jitambue”. Njia ni ya kupanda, imejikunja kunja, na lifti hakuna. Mama mkwe alifika hadi kijumba cha hazina cha Waathens, kilichojengwa upya kwa mawe yake mwanzoni mwa karne ya 20, akaketi chini ya mti, nasi tukaendelea hadi juu kwenye ukumbi wa maonyesho.

Tuliporudi alikuwa ametulia, anautazama mwamba. Aliwaambia watoto kwamba hapa palikuwa mahali pa mzimu, akatueleza kwa nini anajua: penye mwamba unaoning'inia, maji yanayotoka, na bonde refu mbele, watu hawaachi kwenda kuomba mvua na kuuliza mambo yao. Ndivyo palivyo Mongomi wa Kolo, kwenye michoro ya mapangoni ya Kondoa ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, na ambako matambiko bado yanafanyika chini ya picha za watu warefu wembamba na wanyama zilizochorwa kwa rangi nyekundu. Delphi ilinyamazishwa tangu karne ya 4 BK. Kwa mwalimu wa historia, kusikia ulinganisho huo kutoka kwa mtu ambaye bibi yake alikwenda Mongomi ulikuwa ufafanuzi bora kuliko wowote niliolipia katika safari nzima.

Makumbusho ya Delphi yako hatua chache tu na sakafu yake ni tambarare, hivyo aliweza kuingia. Yumo mwendesha gari la farasi wa shaba, aliyefukuliwa mwaka 1896, mwenye macho ambayo bado yana uhai. Farasi wake wamepotea isipokuwa vipande, na mkononi ameshika hatamu ambazo haziendi popote. Mdogo wetu hakuuliza tena. Alitembea mwenyewe hadi mbele ya sanamu akapima kwa hatua mahali farasi wangesimama.

Ndani ya basi la kurudi, binti yetu alimuuliza bibi yake kama amewahi kuiona michoro ya Kolo. Alijibu kwamba aliiona akiwa binti mdogo kuliko yeye, na kwamba sisi, tunaokaa saa chache tu kutoka pale, hatujawapeleka watoto hata mara moja. Mume wangu alisema tutakwenda Desemba. Mama mkwe akasema nauli si tatizo, wakala hahitajiki, na mwongozaji atakuwa yeye.